Mazutu ya Mawese: Swali la Saba

Haya, ninyi mlionipigia simu wiki nzima mkinitukana kwa kuikatiza hadithi, kaeni chini. Kalamu bado iko mkononi mwa Mzee Bulaimu, na haijagusa karatasi.

Mnakumbuka tulipomwacha. Ofisi ndogo ya kituo cha mafuta, hapa Kindu, karibu na bandari, Jumatatu asubuhi. Mbele yake karatasi ya maswali kumi na mawili. Kulia kwake amekaa bosi wake, Sikuli, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, anatazama saa. Kushoto kwake amekaa Enjenieri Apolline Okito wa ofisi ya mafuta ya mkoa, ambaye Bulaimu amemlea kwa mikono yake tangu ana miaka mitano.

Nje, juani, limesimama lori la Sikuli na mapipa arobaini ya mazutu, yaani dizeli, iliyotengenezwa kwa mawese. Kwenye karatasi za serikali inaitwa biodizeli. Watu wa Kindu wanaiita mazutu ya mawese, basi.

Sheria mpya ilikuwa wazi. Anayetaka kuweka mazutu ya mawese kwenye tangi lililozikwa ardhini atoe taarifa siku thelathini kabla. Kisha athibitishe kwamba kila kitu kitakachoguswa na mafuta hayo kinapatana nayo: chuma, bomba, mpira, hata gundi. Kila kitu, jamani. Sio karibu kila kitu.

Sasa tangi la Sikuli lilizikwa kabla ya vita, na karatasi zake ziliungua kwenye vita. Ofisi ikakubali kupokea neno la mtu mmoja, yule aliyelitunza miaka mingi kuliko wote. Mtu huyo ni Bulaimu.

Na swali la saba liliuliza hivi: Je, tangi hili limewahi kutobolewa au kuzibwa?

"Papa, mbona jasho linakutoka hivyo?" Apolline akauliza. "Ile malaria haijaisha?"

"Imeisha, mama. Hii njo mwili tu, haujapata nguvu."

Sikuli akakohoa. "Mzee, ni neno moja. Ndiyo ao hapana. Lori inangoja."

Bulaimu akaandika: Hapana.

Najua, najua! Mlisema asiandike. Lakini ninyi hamkuwa mmekaa pale mkitazamwa na macho ya marehemu Okito kwenye uso wa binti yake Apolline.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, siri yenyewe ni hii, na nitaisema mara moja tu.

Mwaka 2002 mji ulizingirwa. Treni haikuja, mashua hazikupita, na askari walioushika mji walichukua mazutu popote walipoinusa. Meneja wa kituo alikuwa Okito, baba yake Apolline. Bulaimu alikuwa mtu wa pompi. Nyuma ya ukuta kulikuwa na materniti, wodi ya wazazi, yenye jenereta moja na bila tone la kuiwasha. Akina mama walijifungua gizani.

Bulaimu hakumwambia mtu. Siku tatu mfululizo alihamisha mazutu yote ya tangi kidogo kidogo, ndani ya bidoni, madumu ya mawese, akawapelekea wauguzi. Kisha, ili askari wasiulize tangi limekauka vipi, alichimba ubavuni, akalitoboa kwa nyundo na tindo tundu la unene wa kidole gumba, akamwaga ndoo ya mwisho kwenye udongo. Wakija atasema limevuja. Okito hakuambiwa kwa sababu alikuwa mtu asiyejua kudanganya, hata mambo madogo ya nyumbani.

Bahati mbaya, mkubwa wa askari wale aliwahi kuwa fundi wa chuma. Akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha, akasema, "Hii haikutoboka. Hii muntu aliitoboa. Nani?"

Okito akajibu hajui, na ilikuwa kweli. Bulaimu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, kitambaa cha kufutia mikono begani, na mdomo wake haukufunguka. Wakaondoka na Okito kuelekea mtoni. Hakurudi.

Vita vilipoisha, Bulaimu alifukua tena peke yake, akaziba tundu kwa kigingi cha mti alichokizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, akapaka gundi, akarudisha udongo. Mazutu ya kawaida ilikaa na kizibo kile bila ugomvi zaidi ya miaka ishirini. Kindu nzima inamwita Papa wa Materniti. Na Apolline, ambaye mama yake alishafariki kabla ya hayo yote, amekua akijua kwamba baba yake aliuawa kwa kukataa kutoa ufunguo wa tangi.

Sasa tuendelee, maana lori linangoja.

Apolline aliichukua karatasi, akaipuliza wino ukauke. Lakini hakuisaini. Akainama kwenye mkoba wake, akatoa chupa ya kioo, zile za mayonezi, akaiweka mezani.

"Papa, angalia kitu hii."

Ndani mlikuwa na mazutu ya mawese, rangi ya chai. Chini kabisa kililala kitu cheusi.

"Ni nini hiyo?" Sikuli akauliza.

"Mpira wa ndani wa baiskeli ya Papa. Aliutupa, nikauokota. Nilitaka wafanyakazi waone kwa nini sheria inasumbua watu habari ya mipira." Apolline alikuwa akitabasamu, kwa sababu kazi yake anaipenda. "Niliutia humu siku Papa Sikuli alipoleta taarifa yake. Siku ya kumi ukavimba. Siku ya ishirini ukaanza kulainika. Leo ni ya thelathini, ona."

Akaingiza kijiti cha ufagio, akakoroga. Mpira ukavutika, ukakatika vipande laini kama bugali usioiva.

Bulaimu akageuza uso, akatazama dirishani.

"Mipira ya pompi na ya mabomba yote tumebadilisha," Apolline akaendelea. "Barua za waliotengeneza ninazo. Chuma hakina shida. Kama ndani ya tangi hakuna mpira mwengine, miye nasaini leo hii."

"Hakuna," Sikuli akasema haraka.

Apolline hakumtazama Sikuli. "Papa?"

"Umesoma nilichoandika," Bulaimu akasema.

Binti akaweka kiganja kwenye paji la uso la mzee, kupima homa, jinsi mzee mwenyewe alivyokuwa akimpima yeye zamani. "Naenda ofisini kupiga muhuri. Nusu saa. Musifungue tangi kabla ya miye kurudi."

Pikipiki ikamchukua. Bulaimu akabaki anaisikiliza mpaka mlio wake ukaisha.

Hakuweza kukaa ofisini. Miguu yenyewe ilimpeleka kwenye mdomo wa tangi. Alikuwa amelala na malaria karibu mwezi mzima, na hii ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Akachukua fimbo ya kupimia, akaipaka chaki kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, akafungua kifuniko kwa ufunguo unaoning'inia shingoni mwake, akaishusha taratibu mpaka ikagusa chini. Akaipandisha.

Fimbo ilitoka na harufu ya jikoni, ya mikate inayokaangwa.

Akanusa tena. Mazutu hainuki hivyo. Mazutu ya kawaida aliifahamu kuliko jasho lake.

Sikuli alikuwa ameshaweka! Siku zile za kungoja, Apolline akiandika barua na kubadilisha mipira ya pompi, mazutu ya mawese ilikuwa tayari imelala ndani ya tangi. Lakini huyu mtu alifungua vipi? Ufunguo mmoja Bulaimu anao. Wa pili, bila shaka, anao Sikuli. Eh, mwenye mali hakosi ufunguo.

Ngoja, si hilo tu. Ukutani pana kibao wanachoandika kipimo kila jioni. Florentin, dereva wa Sikuli aliyeshika nafasi ya mzee siku za ugonjwa, alikuwa ameandika kwa chaki kipimo cha Jumamosi: sentimita tisini na nne. Bulaimu akasoma fimbo mkononi. Themanini na saba.

Jumapili kituo kilikuwa kimefungwa na pompi ina kufuli. Hakuna aliyeuziwa hata chupa moja.

Sentimita saba zimeenda wapi?

Mnajua zimeenda wapi. Na yeye alijua.

"Shef!" Bulaimu aliingia ofisini na fimbo mkononi. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

Mzee akamsogezea fimbo puani. Sikuli hakushtuka hata kidogo. Aliisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Wiki tatu. Treni imekwama njiani, mashua zinalia, jenereta za mji mzima zimelala. Weye ulitaka nikae nangoja karatasi?"

"Tangi linavuja."

"Nani anasema?"

"Fimbo inasema."

"Florentin hajui kupima. Jumamosi alikuwa na haraka ya kwenda kunywa."

"Shef, tangi iko na tundu!"

Basi. Zaidi ya miaka ishirini amelimeza neno hilo, na siku lilipotoka lilitoka ovyo, mbele ya mtu asiyehusika.

Sikuli alitazama lori kupitia dirishani, akatazama barabara. Akainuka, akafunga mlango. Aliporudi kitini alisema neno moja, na hilo Bulaimu hakulitazamia kabisa.

"Ninajua."

"Unajua nini?"

"Mwaka nilipokinunua kituo hiki, nilichimba mfereji wa maji ya mvua, nikakiona. Kigingi na mpira wa baiskeli. Nikajiuliza, nani anafunga mpira fundo la namna hii? Kiisha nikaona mizigo unavyoifunga nyuma ya baiskeli yako. Fundo ni lile lile." Sikuli alikuwa anaongea polepole, bila hasira. "Nikauliza watu wa hapa, taratibu, huyu Okito alikufa sababu gani. Miye si mutoto, Mzee."

"Na ukanyamaza?"

"Weye ulinyamaza wa kwanza."

Wewe ungemjibu nini?

"Sikiliza," Sikuli akasema. "Kizibo kimeshika miaka yote hiyo, kitashika mwezi moja. Nauza yote, tangi linakauka, tunafukua sisi wawili na kuchomea chuma. Hakuna atakayejua."

"Hakijashika! Si umeona ile chupa?"

"Chupa ni chupa. Tangi ni tangi." Akainama mbele. "Lakini ukienda kwa Apolline na habari ya tundu, mimi nitampa habari ya aliyelitoboa. Yote mawili, ao hakuna hata moja. Chagua."

Na kabla mzee hajafungua mdomo akaongeza, "Tena usinipandishie presha leo. Bibi yangu Josiane iko materniti tangu jana jioni, mutoto wetu wa kwanza. Nataka nimalize kazi hii niende nikamuone."

Materniti. Bulaimu alisikia neno hilo, akageukia mlango.

Kwa sababu kati ya kituo na materniti pana ukuta mfupi, unakufika kifuani. Nyuma ya ukuta pana kisima. Kutoka tangini mpaka kisimani ni hatua ishirini, na ardhi yote inateremka kuelekea mtoni. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka wiki ya pili sasa. Wazazi wote wa wodi ile, na watoto wachanga, walikuwa wanategemea kisima kile.

Akatoka bila kuaga. Nyuma yake Sikuli alimwita mara moja.

Alipoufikia ukuta, Neema alikuwa ameshafika kisimani. Neema ni muuguzi, mnene, mcheshi, mdomo haupumziki. Alikuwa na bidoni mbili za njano na kamba ya ndoo mkononi.

"Eee, Papa wa Materniti amefufuka! Tulisema malaria imekwisha kutunyang'anya mzee wetu." Akacheka. "Umwambie Shef wako nina habari yake. Lakini simpi bure, anipe soda kwanza, tena ya baridi!"

Bulaimu hakucheka. "Neema, acha kuchota."

"Mbona?"

"Acha tu."

"Kazi yangu nani ataifanya, weye?" Ndoo ilishazama. Akaivuta, mkono juu ya mkono, huku akiimba kidogo.

Mzee wa miaka hamsini na tisa, aliyetoka kitandani jana, akauruka ukuta ule. Sijui aliurukaje, na yeye mwenyewe hajui. Alifika ndoo ikiwa imewekwa ukingoni, akaipiga teke, maji yakamwagika yote chini.

"We mzee una wazimu?" Neema akapiga kelele. "Wamama wananingoja!"

"Maji haya ni mabaya."

"Mabaya namna gani?"

Bulaimu akapiga goti, akachovya vidole kwenye kidimbwi kilichobaki, akavipeleka puani. Jikoni. Mikate inayokaangwa. Na juu ya maji utando mwembamba wa rangi rangi ulikuwa unatambaa.

"Yananuka mawese," akasema.

"Loo! Ndiyo unanimwagia maji?" Neema alishika kiuno. "Papa, bidoni gani ya Kindu hainuki mawese? Tumezaliwa tunakunywa harufu hii."

Na hapo ndipo ubaya ulipojificha, wasomaji wangu. Hapa kwetu bidoni huanza maisha yake na mawese. Mawese yakiisha inaoshwa kwa mchanga na sabuni, inakuwa ya maji, na maji yake yananukia hivyo mpaka ipasuke. Hakuna mtu anayeshtuka. Mgeni angetema. Sisi tunameza, tunashukuru.

Kelele zilikuwa zimeleta watu. Wapakuzi wa lori walijipanga ukutani kama wanatazama mpira. Sikuli alikuja akapitia lango la materniti kwa mwendo wa kawaida, mikono mfukoni, macho kwa Bulaimu.

Pikipiki ikasimama barabarani. Apolline akashuka, karatasi yenye muhuri mkononi ndani ya plastiki.

"Kuna nini hapa?"

Sikuli akasema, tena kwa upole kabisa, "Hakuna kitu, Enjenieri. Mzee homa imempanda, anasema ovyo. Tungempeleka nyumbani alale."

Mmeona mlango aliofunguliwa? Mpana, na hauna gharama. Angesema ndiyo, kichwa kinaniuma. Angeshikwa mkono na binti yake, angepelekwa nyumbani, angepikiwa uji. Keshokutwa angeamka bado ni Papa.

Bulaimu alimtazama Apolline. Alikumbuka Jumapili zote zile. Yeye ni mtu wa msikiti, lakini kila Jumapili alimpeleka mtoto mpaka mlango wa misa, kwa sababu Okito angetaka hivyo, akangoja nje na mwavuli mpaka watoke. Hakuwa na mtoto mwingine duniani. Alimpenda, na aliogopa kumpoteza kuliko alivyowahi kuwaogopa askari.

Kisha akatazama bidoni mbili za njano.

"Nipe karatasi," akasema.

"Papa, imeshapigwa muhuri."

"Nipe, mama."

Akaichomoa kwenye plastiki, akaiweka juu ya ukuta. Kwenye swali la saba akakata neno lake, akaandika jingine juu yake. Apolline akasoma, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kazi.

"Limetobolewa?"

"Ndiyo."

"Likazibwa na nini?"

"Kigingi na mpira wa baiskeli."

Apolline akafumba macho kidogo, akaona chupa yake. Akayafumbua. "Na ndani ya tangi sasa hivi kuna nini?"

"Mazutu ya mawese. Wiki tatu. Tangu Jumamosi zimepotea sentimita saba."

Apolline akamgeukia Sikuli, lakini Sikuli alikuwa anamtazama Bulaimu kwa mshangao, maana hakuwahi kudhani atathubutu. Enjenieri akatoa kalamu yake. "Lilitobolewa mwaka gani?"

"2002."

"Na nani?"

"Na miye."

Kalamu iliandika bila kusita. Mwenye kalamu alikuwa bado hajaunganisha mambo. Aliuliza swali linalofuata kama karatasi ilivyotaka. "Mwezi?"

"Wa tisa."

Kalamu ikasimama.

Neema alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Baba walimchukua mwezi wa tisa," Apolline akasema.

"Walikuja, wakaona tundu, wakauliza nani alilitoboa. Baba yako akasema hajui. Hakujua, mama, sikumwambia. Nilikuwa pale, hatua mbili tu. Nilinyamaza. Wakaenda naye."

"Na habari ya ufunguo?"

"Hakuna aliyeomba ufunguo."

Apolline hakulia. Afadhali angelia. Alisimama akimtazama mzee kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Kila Jumapili," akasema. "Naingia kumuombea baba. Weye umesimama nje unaningoja."

"Ndiyo."

"Na kunisomesha. Na kunivalisha. Hiyo njo ilikuwa kulipa?"

"Mwanzo, ndiyo," Bulaimu akasema. "Mwanzo tu. Kiisha nilikuwa baba."

Sikuli akaona ngao yake imevunjika, akajaribu kuingilia. "Enjenieri, unaona sasa ni nani aliyekudanganya..."

"Papa Sikuli, nyamaza."

Sikuli akarudi nyuma hatua moja.

Apolline akageuza karatasi mpaka ukurasa wa mwisho, mahali pa shahidi. Akauweka sawa juu ya ukuta. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ile anayoitumia kwa watu wa barabarani.

"Jina lako kamili, mzee."

Mzee! Hakusema Papa.

"Bulaimu Kassim."

"Kassim. Esi moja ao mbili?"

"Mbili."

Akaandika esi mbili. Na jina hilo, wasomaji wangu, Apolline alikuwa ameliandika mwenyewe kwenye kila karatasi ya shule tangu darasa la kwanza mpaka chuo kikuu, mahali palipoandikwa mzazi.

Machozi ya mzee yakashuka, hakuyafuta.

"Tangi limefungwa," Apolline akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Hakuna tone la kuingia wala kutoka. Lori irudi ilikotoka. Kisima kimefungwa, muzungushe miti, asikaribie muntu." Akamgeukia Neema. "Kilichomwagika hapo ndicho ulichochota leo?"

Muuguzi yule mwenye mdomo usiopumzika alikuwa anatazama bidoni zake.

"Neema?"

"Hii ni safari ya pili," Neema akasema. "Ya kwanza nilichota alfajiri. Harufu niliisikia, nikasema ni bidoni."

"Nani amekunywa?"

"Mmoja tu, maji mengine tulioshea nguo na sakafu." Neema akainua uso, akamtazama Sikuli, na ile habari aliyotaka kuiuza kwa soda ikamtoka kwa taabu. "Amejifungua saa tatu, mutoto mwanaume. Alikuwa na kiu sana. Josiane. Nilimpa vikombe viwili."

Mfukoni mwa Sikuli simu ikaanza kulia. Aliitoa, akaona ni materniti, lakini vidole vyake vilishindwa kuibonyeza. Akamnyooshea Bulaimu.

"Papa," akasema, "pokea weye."